Izote za Mteremkoni

Loma Larga, Usulután
2 Februari 1998

Wifi yangu Eduviges,

Pokea salamu zangu, ingawa najua barua hii utaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyemshika panya mkia. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto ambalo kila asubuhi hunikumbusha umri. Yanira yuko mji mkuu, anashona kiwandani, naye hajambo, anakuamkia shangazi yake. Wasiwasi wangu ni juu yako wewe, maana huu mwaka wa saba sijui kama unakula vizuri, unalala vizuri, au umeolewa na Mguatemala mwenye meno ya dhahabu.

Sitazunguka mbuyu. Izote za marehemu zinakufa.

Unaijua safu ile ya miti aliyoipanda kaka yako Saturnino nyuma ya nyumba, kuukata mteremko kwa mshazari, baada ya udongo kuteremka mwaka ule ukaja kulala mlangoni kwetu. Mashina thelathini na nane. Miaka yote hiyo sikuwahi kuzifanyia lolote zaidi ya kuchuma maua na kuyakaanga na mayai. Sasa tangu Desemba majani yamegeuka rangi, kwanza kwenye karo la kufulia, kisha yakaendelea kupanda. Hudhurungi, wifi, kama gazeti lililoachwa juani. Nikipita karibu yanakwaruzana yenyewe kwa yenyewe.

Don Fabricio jirani anasema zimezeeka, nizikate zote. Akaongeza kwamba nikitaka kuzifufua nizimwagie oili chafu ya lori lake. Nikamwambia, "Don Fabricio, dawa yako ya mwaka jana ilimaliza kuku wangu wote na jogoo wao. Izote niachie."

Mvua zinaanza Mei. Safu ikifa, mlima ule hauna mwenye kuushika, na chini yake niko mimi.

Nasikia huko uliko unaishi kwa izote. Sina mwingine wa kumwuliza. Ukitaka kukaa kimya, nitaelewa.

Wifi yako,
Mirtala


Masagua, Guatemala
24 Februari 1998

Kwa mke wa marehemu kaka yangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Sijaolewa na mwenye meno ya dhahabu wala asiye na meno.

Nakujibu kwa ajili ya mikono ya Saturnino iliyozipanda. Usifikiri vingine.

Ni kweli, hapa shambani tunalima izote tu. Tunazikata vipande, tunazifunga, zinapelekwa bandarini, zinavuka bahari. Kwenye makaratasi tunaziandika yuka. Huko Ulaya watu wanaziweka sebuleni ndani ya chungu, wanaziangalia. Ua hawali. Kazi yangu mwaka wa kumi na moja huu ni kusimama kwenye meza ya ukaguzi na kusema hii inakwenda, hii haiendi. Kwa hiyo usiniletee maneno ya Don Fabricio. Jani kuwa la kahawia si ugonjwa. Ni mti unaongea, na wewe hujaniambia umesema nini.

Nenda ukaangalie haya, kisha uniandikie bila kuongeza chumvi.

Ni majani ya chini au ya juu? Ya chini kukauka ni desturi yake, izote huvua nguo za zamani kama sisi sote. Ukaukaji unaanzia nchani ukirudi ndani, au unaanzia shinani mwa jani? Kuna madoa? Yana mzingo wa njano? Shika jani la katikati kabisa, lile changa lililosimama kama mshumaa, ulivute taratibu. Likigoma, mti uko hai. Likikufuata mkononi, nusa chini yake. Bonyeza shina kwa kidole gumba kuanzia ardhini. Mwisho fukua mzizi mmoja, uukate. Mweupe au mweusi?

Nitumie majani matatu matatu ya kila aina. Yafunge kwenye karatasi. Ukiyafunga kwenye plastiki yatanifikia yamekuwa supu.

Dada wa marehemu Saturnino,
Eduviges


Loma Larga
15 Machi 1998

Wifi yangu Eduviges,

Salamu nyingi kama majani ya mlimani, yale mabichi. Mimi sijambo, goti limepumzika kidogo. Natumaini nawe hujambo, ingawa kwa barua ile unaonekana una nguvu za kuongoza kikosi. Nimesimama wima nilipokuwa naisoma.

Nimefanya kila ulichoagiza. Nilianza saa moja asubuhi na shuka langu kuukuu kiunoni, maana ncha za majani zinachoma kama sindano za hospitali. Don Fabricio akaniona nanusa miti mmoja baada ya mwingine, akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Niña Mirtala, umepoteza kitu?" Nikamwambia, "Akili. Ukiiona nirudishie."

Haya. Zilizo juu kabisa, ishirini hivi, ni majani ya chini tu yaliyokauka. Katikati ziko imara, hata kucha haiingii.

Za katikati ya safu, saba, zimekauka nchani, kisha ukaukaji unarudi ndani ukingoni mwa jani. Baadhi zina madoa madogo yenye mzingo wa njano, kama ulivyosema. Shina gumu. Mzizi mweupe, lakini si mweupe wa kufurahisha.

Za chini, karibu na karo, kumi na moja. Wifi, ya kwanza niliyoivuta ilinifuata kama inanisubiri. Moyo wote ukaja mkononi, kahawia, laini, na harufu kama maji ya mahindi yaliyosahauliwa wiki nzima. Nilikaa chini. Nikavuta ya pili, ya tatu. Nilipofika ya sita nikawa nalia, sijui nalilia nini, ni miti tu. Kidole gumba kimezama kwenye shina kama kwenye papai lililoiva. Mzizi mweusi.

Hukuuliza, lakini nakwambia. Mtaro wa maji ya karo uliziba miaka miwili iliyopita. Nikachimba kijia kidogo, maji ya kufulia yakawa yanakwenda kwenye izote. Niliona nazinywesha. Nafua pia nguo za padri na za walimu wa shule, kwa hiyo maji ni mengi, kila siku.

Majani yako yamo humu, karatasini.

Wifi yako,
Mirtala


Masagua
9 Aprili 1998, Alhamisi Kuu

Wifi Mirtala,

Salamu. Ni mzima, na nakuombea Pasaka njema.

Nilipofungua bahasha, karani wa posta aliniuliza kama ninatumiwa samaki. Nimeyapanga majani yako kwenye meza yangu ya ukaguzi saa ya chakula na kuyaangalia vizuri.

Hukuziua kwa kuzisahau. Umeziua kwa usafi. Izote ni mtu wa mlimani, anakunywa mara moja na kushukuru. Wewe umemweka miguu ndani ya beseni miaka miwili, tena beseni la sabuni. Maji yasiyokauka yameozesha mizizi ya zile kumi na moja. Sabuni na dawa ya kung'arisha nguo za padri zimepanda mpaka nchani mwa zile saba na kuziunguza. Mti hauna pa kuitemea chumvi, unaisukuma mwisho kabisa wa jani. Madoa ni ukungu, umekuja kwa sababu ya unyevu. Zile ishirini za juu hazina kitu. Ziache na sketi zao.

Sasa sikiliza, na mara hii fanya haraka, kwa kuwa mvua haitusubiri.

Kwanza maji. Zibua mtaro kabla ya kugusa mti wowote, hata kama padri atavaa kanzu chafu kwa wiki mbili. Pili, ng'oa zile kumi na moja pamoja na mizizi, zichome mbali, usitupe korongoni. Usizionee huruma, moyo ukishatoka hakuna dawa. Acha mashimo wazi yapigwe jua, uchanganye mchanga na kokoto. Tatu, zile saba uzikate majani yenye madoa na kuyachoma, ncha zilizoungua ziache. Zinyweshe maji safi mengi mara moja tu, yaoshe sabuni udongoni, kisha usizinyweshe tena. Panga lipitishe motoni kila ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, usije ukabeba ugonjwa mwenyewe.

Nne, panda juu, ukate matawi kumi na manne kutoka kwenye zile nzima, urefu wa mkono wako. Paka majivu penye kidonda. Yalaze kivulini wiki mbili yakauke jeraha. Watu wote wanaharakisha hapo, wanapanda mabichi, yanaoza. Kisha yapande yakiwa wima, theluthi moja ardhini, mahali pa zile zilizokufa lakini hatua moja juu zaidi.

Yakishika, yatahitaji miaka mitatu kabla ya kuubeba mlima. Mwaka huu ni kuomba Mungu.

Nina swali jingine ambalo si la izote. Nilipofika mwaka ule, siku ya Jumatatu, uliniambia mama amezikwa juzi yake, Jumamosi. Juu ya kaburi palikuwa na maua ya izote. Mimi nashika izote kila siku ya maisha yangu. Ua la siku mbili huwa bado lina weupe ndani. Yale yalikuwa na rangi ya chai.

Mama alizikwa siku gani?

Eduviges


Masagua
1 Juni 1998

Wifi Mirtala,

Salamu, na natumaini u mzima. Mimi mzima.

Mvua zimeanza huku. Bila shaka na huko. Sijapata jibu wiki saba. Nimemwuliza yule dereva wa lori la vitunguu anayepita kwenu, niliyempa barua ya Alhamisi Kuu, anasema aliikabidhi mkononi mwako, na kwamba ulimpa kahawa.

Mtaro umezibuliwa? Matawi umeyapanda? Nijibu kuhusu izote kwanza. Hilo lingine lijibu ukiweza. Silifuti, lakini naweza kulisubiri. Nimelisubiri miaka saba.

Eduviges


Loma Larga
20 Juni 1998

Wifi yangu Eduviges,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima. Mimi mwili mzima.

Izote kwanza, kama ulivyotaka. Mtaro umezibuliwa, Yanira alikuja wikendi mbili tukachimba naye. Kumi na moja nimeng'oa na kuzichoma. Moshi wake ulikuwa mzito, Don Fabricio akafunga madirisha kwa matusi. Matawi kumi na manne nilikata, nikapaka majivu, nikalaza chini ya veranda. Nilitaka kupanda siku ya tisa, nikakumbuka ulivyosema, nikaketi juu ya mikono yangu. Nimepanda tarehe tisa Mei. Leo tisa yametoa majani mapya mafupi, ya kijani kama kasuku. Matatu yamenyamaza. Mawili kuku wa jirani wameyachimbua.

Sasa la pili. Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza niliandika uongo, na uongo ulikuwa mzuri kweli. Niliupenda. Nikauchana.

Mama alikufa Jumatatu tarehe kumi na moja Februari, jioni, nikiwa namshika. Tulimzika Jumanne, joto halikuturuhusu zaidi. Telegramu niliituma Jumamosi, nikaandika kwamba amefariki jana na tunazika leo. Kitongoji kizima kilijua. Niliwaomba wakae kimya, wakakaa, kwa sababu walinionea huruma mimi kuliko walivyokuonea wewe.

Nitakwambia kwa nini, si kujitetea. Januari mama alimwambia Yanira akuandikie kwamba anaumwa, amekonda, anataka kukuona. Ukajibu. Barua yako ilisema kama mama amekonda basi mimi namnyima chakula, nakula nyumba ya kaka yako na kumwachia mama yako maji ya maharage. Mama hakujua kusoma, unajua. Yanira alikuwa shule. Akanipa mimi nimsomee. Nikaisoma yote, wifi, kwa sauti, kila neno, ningeweza kuruka na sikuruka. Mama akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi haji." Akageukia ukutani.

Nilikuwa nimemwosha mama yako miaka sita tangu Saturnino aanguke kutoka kwenye lori la kahawa. Nilimkata kucha za miguu. Nilimtafunia nyama. Alipokata roho nikawaza: aje alikute kaburi, aone anavyojisikia mtu aliyeitwa mwizi. Siku tano nilikuwa na hasira. Ya sita hasira ikaisha, nikabaki na telegramu isiyoandikika.

Alikuita. Siku ya mwisho alikuwa akiniita mimi Vige. Nikawa naitika. Hilo ndilo nililotaka kukwambia pale mlangoni ulipokuja, ukanitukana mbele ya waliokuja kusali rozari, ukaondoka hata maji hujanywa. Nilikosa, wifi. Sikukosa kidogo.

Alikula maua ya izote na yai, Jumapili, vijiko vitatu. Alisema chumvi imezidi. Ilikuwa haijazidi.

Wifi yako, ukiniruhusu jina hilo,
Mirtala


Loma Larga
30 Agosti 1998

Wifi Eduviges,

Salamu. Natumaini kimya chako ni cha hasira, si cha maradhi. Hasira naweza kuistahimili, maradhi yako ningetaka kuyajua.

Sikulazimishi kunijibu. Naandika kwa sababu ulisema mti unaongea, na mwenye kuujua ni wewe. Zile saba za katikati zinatoa majani safi, hayana doa. Yale yaliyoungua nchani yamebaki hivyo hivyo, nimejifunza kwamba hayatapona, yatasukumwa chini polepole mpaka yaanguke. Tawi moja kati ya yale matatu yaliyonyamaza limeamka. Kumi sasa.

Yanira alinipiga picha nikiwa nimesimama katikati ya izote. Nimeiweka humu. Usicheke kofia.

Mirtala


Masagua
5 Novemba 1998

Mirtala,

Redio inasema mito yote ya Usulután imevunja kingo. Inasema vijiji vimefunikwa, haivitaji majina. Hapa mashamba yote yako chini ya maji, hatufanyi kazi. Nasikiliza redio tangu asubuhi.

Barabara imekatika lakini dereva wa vitunguu anasema atajaribu kupita kwa juu. Nampa karatasi hii na bahasha yenye jina langu ndani yake. Usiandike barua. Andika "niko hai" umrudishie yeye mwenyewe. Kama huwezi kuandika, yeyote atakayeipokea karatasi hii aandike neno moja.

Kuhusu barua yako ya Juni, sikukaa kimya kwa sababu yako.

Vige


Loma Larga
27 Novemba 1998

Wifi yangu Vige,

Niko hai.

Nimeliandika peke yake kama ulivyoagiza, sasa niruhusu kuendelea. Dereva wako alifika jana, akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, ameacha lori ng'ambo ya daraja lililovunjika akatembea saa nne. Alisema, "Niña Mirtala, yule mwanamke wa Masagua amenitishia nisirudi bila karatasi." Nimempa maharage, amelala benchi la kanisa, ndiyo maana nimepata muda wa kuandika marefu. Mimi mzima. Yanira mzima, mji mkuu haukuguswa sana.

Mvua ilinyesha siku tano bila kukohoa. Jumapili, siku ya Watakatifu Wote, asubuhi, nilikuwa nawasha moto wa mikate ya tortila nikasikia mlima unaguna. Sina neno jingine. Kama ng'ombe anayetaka kuinuka. Nikatoka nje na unga mikononi. Udongo ulikuwa unateremka kutoka juu kabisa, shamba la kahawa likija lote na miti yake imesimama, linatembea, wifi, kama maandamano ya Ijumaa Kuu.

Ukafika kwenye safu. Zile ishirini za juu zikainama, majani yakalala chini, nikasema zimekwenda. Hazikwenda. Udongo ukajaa nyuma yake mpaka shingoni, zikaushikilia. Zile saba nazo zilishika. Lakini pale penye pengo, pale nilipong'oa kumi na moja, vile vitawi vyangu kumi havikufaa hata kusema pole. Vilifagiliwa mara moja. Tope likapita hapo kama maji kwenye pengo la jino lililong'oka, likachukua karo, likachukua jiko na moto wangu ndani yake na tortila, likasimama ukutani mwa chumba cha kulala. Ukuta ulipasuka. Haukuanguka.

Don Fabricio alivunja mlango wake mwenyewe akaja kunivuta. Nilikuwa nimesimama tu, naangalia jiko langu linaondoka. Alinibeba mgongoni hadi shuleni, mzee yule, na goti langu, huku akinitukana njia nzima kwamba mimi ni mzito. Siku tisa za kwanza hatukutoka shuleni. Nyumba nne za upande wa pili, zisizo na izote, zimefunikwa. Tumezika watu sita. Sitaki kuandika majina yao leo.

Nimehesabu usiulize mara ngapi: kama ningeacha zile zilizooza mahali pake, zisingeshika pia, zilikuwa papai. Kama nisingezimwagia sabuni, zingeshika. Hilo ni langu.

Usiku nalala shuleni, mchana nachimba. Kaburi la mama liko juu, halikuguswa.

Ulisema hukukaa kimya kwa sababu yangu. Basi kwa sababu ya nani?

Wifi yako,
Mirtala


Masagua
12 Desemba 1998

Wifi yangu mpenzi Mirtala,

Salamu tele, na Mungu asifiwe kwa kila shina lililoinama. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye meza ya ukaguzi, wasichana wote wamenizunguka. Nilipofika kwenye "niko hai" walipiga makofi, na hawakujui. Don Fabricio mwambie nimefuta yote niliyowahi kusema juu yake, isipokuwa la oili chafu.

Mimi mzima. Nimekonda kidogo tangu Novemba, na kabla hujaanza, nalishwa vizuri.

Umeniuliza. Nakujibu ukweli, maana wewe ulinitangulia.

Barua ya Yanira ilinifikia tarehe nane Januari mwaka ule. Ilikuwa msimu wa kusafirisha, lakini msimamizi alinipa ruhusa ya wiki moja. Sikumwambia mtu yeyote hili. Nilikata tiketi. Nilifika stendi, nikaketi na begi langu mapajani, basi likaja, likajaa, likaondoka, na mimi nimeketi. Likaja la pili. Nilimwona mama akilini mwangu akiwa mdogo kama mtoto, halafu nikaona siwezi. Nilikuwa nimemwacha mama mnene anayepika sufuria mbili. Miaka tisa nilijiambia ni vita, ni mpaka, ni makaratasi. Siku ile pale stendi hapakuwa na vita. Palikuwa na basi.

Nikarudi nyumbani nikaandika ile barua. Ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa kwa kukonda kwa mama, la sivyo ningebaki mimi. Nilijua unamlisha. Nilijua unamtafunia nyama, Yanira alikuwa ameandika hivyo hivyo.

Ulinichelewesha siku tano, Mirtala. Mimi nilijichelewesha miaka tisa, na hata ungeniletea telegramu kwa mbawa za malaika, Jumatatu ile ningekuwa stendi nimeketi. Nilisoma barua yako ya Juni mara nyingi nikitafuta mahali pa kukukasirikia. Kila nilipopata mahali, nilimsikia mama anasema "basi haji," nikaikunja. Usinisamehe haraka haraka. Nataka unisamehe ukiniangalia.

Sasa mambo ya kazi. Huku kuna vipande vya izote tunavyovikataa. Havina ugonjwa hata kidogo, nimevikagua mwenyewe. Vimepinda tu, na Ulaya hawataki yuka iliyopinda, haikai vizuri kwenye chungu. Msimamizi amenipa thelathini, vinene kama paja langu, vimeshatoa mizizi. Kinene kama hicho hakisubiri miaka mitatu. Mlima hauulizi mti umenyooka vipi.

Dereva wa vitunguu ananichukua. Daraja limetengenezwa kwa mbao, anasema linapitika kwa sala. Nitafika Jumatatu tarehe ishirini na nane, asubuhi, pale njia panda ya kanisa. Nimeomba ruhusa ya mwezi mzima, na safari hii begi nimeshamkabidhi dereva, siwezi tena kubaki nyuma.

Usinipikie. Jiko huna. Usije na watu, wala usimwambie padri. Nataka kwanza nione lile pengo, nikupigie kelele kidogo kuhusu sabuni, kisha unipeleke kwa mama, kisha tuanze kuchimba kabla jua halijawa kali.

Njoo na majembe mawili.

Wifi yako,
Vige